Siku Gogo Alipovua Viatu

Mieleka aliyocheza Gogo ni ile ya Greko-Romani, ambayo mtu haruhusiwi kumshika mwenzake chini ya kiuno wala kumtega kwa mguu. Kazi yote ni ya mikono, kifua na shingo. Miguu ipo ya kusimamia tu. Anayeitazama kwa mara ya kwanza huona wanaume wawili wamekumbatiana kama ndugu waliopoteana, wanasukumana, wanahema, mara mmoja yuko hewani. Gogo hakuwa yule wa kuwarusha watu hewani. Yeye alikuwa yule asiyerushika.

Mchezo huo aliuingia kwa mlango wa nyuma. Kocha alikuwa na sanamu la mazoezi, gunia la ngozi lililoshonwa mfano wa mtu na kujazwa matambara, ambalo wanamieleka walilinyanyua na kulibwaga kutwa nzima. Siku moja likapasuka mgongo likapelekwa kwa fundi viatu. Fundi akakaa nalo miezi, kama mafundi wanavyojua kukaa na vitu vya watu. Gogo wakati huo alikuwa kijana wa kazi kwenye tanuri la mikate, kifua kipana, maneno machache, na alikuja ukumbini kumsindikiza kaka yake tu. Kocha alimwangalia mara moja akamwambia avue shati.

Akawa sanamu. Walimrusha waliojua kurusha na wasiojua, wakubwa kwa wadogo, na kaka yake mwenyewe ndiye aliyemrusha bila huruma kuliko wote. Sanamu la ngozi liliporudi kutoka kwa fundi, mwili wa Gogo ulikuwa umeshajifunza, bila kufundishwa na mtu, mahali mwereka unapoanzia. Jioni moja walimshika watatu kwa zamu na hakuna aliyemtoa kwenye zulia la mieleka. Wakamlaza kifudifudi wambiringishe, hakubiringika.

“Huyu si mtu,” alisema Kocha. “Huyu ni gogo.”

Kaka mtu aliacha mieleka, akaenda kuuza vipuri vya magari, akanenepa. Gogo akabaki, na jina likabaki naye. Hata refa wa kigeni asiyejua maana yake alilitamka.

Maisha yake kwa miaka mingi yalikwenda hivi. Alfajiri yuko tanurini, anabeba magunia ya unga, anaingiza na kutoa trei. Mchana analala kidogo. Jioni yuko ukumbini, anasukumana na watu mpaka masikio yanavimba na kukunjamana. Mashindano yakikaribia ilibidi apunguze kilo, na hapo ndipo kazi yake ilipogeuka kichekesho cha wenzake: mtu mwenye njaa, amevaa koti la plastiki, amekaa karibu na mlango wa tanuri anatoka jasho, na mbele yake mikate mia inaiva, inanukia. Wenzake walimwekea kipande pembeni kwa makusudi. Hakukigusa hata mara moja, wala hakukasirika. Alikitazama tu, kwa heshima.

Nyumbani nako ni mizani ndiyo iliyotawala. Ilikaa sebuleni, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni. Mkewe, fundi cherehani wa sare za shule, alipika kwa kuiangalia, na wiki za mwisho kabla ya safari alipika vitu visivyonukia ili asimtese. Watoto walikula haraka haraka wakiwa wamempa baba yao mgongo. Mke huyo hakulalamika, lakini hilo halina maana kwamba hakuchoka.

Gogo alisafiri nchi nyingi. Katika kila nchi aliona uwanja wa ndege, basi, kitanda, mizani na ukumbi. Jirani akimuuliza kule ulikotoka kukoje, alifikiri sana kisha akajibu, “Zulia lao gumu kidogo.” Na kila mara alirudi akiwa wa tano. Katika mieleka watu wawili hupewa shaba, kwa hiyo wa tano ni yule aliyefika mpaka mlangoni pa medali akafungiwa. Mshindi wa tano haitwi mshindi na mtu yeyote ila mama yake.

Isitoshe, watazamaji hawakumpenda. Walikuja kuona watu wanaruka, wakamkuta mtu aliyesimama. Walimpigia miluzi kila ukumbi alioingia. Yeye alijitia hamnazo, ila alipokuwa peke yake na mkewe aliwahi kusema kwamba angependa, mara moja tu, watu wasimame kwa ajili yake.

Kitu alichokitaka kuliko vyote kilikuwa Olimpiki. Si medali ya Olimpiki. Kuingia tu, apite mbele ya watu na jina lake limeandikwa. Umri ulikuwa umeshaanza kumkimbia, na mwaka huo ulikuwa wa mwisho wake. Hilo alilijua vizuri. Kulikuwa na mashindano mawili ya kutafuta nafasi, na wanaofika fainali ndio wanaokwenda. Asipopita kwenye la kwanza, angejaribu la pili, wiki chache baadaye. Zaidi ya hapo, basi.

Mwaka huohuo vidole vya mkono wa kulia vikaanza kumsaliti. Tanurini aliangusha trei ya moto, akasema ilikuwa na mafuta. Akaangusha nyingine, akasema vilevile. Lakini Kocha hakudanganyika. Mwanamieleka wa aina hii humzungushia mwenzake mikono, akafungia vidole nyuma ya mgongo, na akishafunga ndiyo habari yote. Kocha aliona kufuli la Gogo linafunguka lenyewe.

Alimpeleka yeye mwenyewe kwa daktari, kwenye zahanati binafsi, mbali na macho ya viongozi wa chama cha mieleka. Daktari, mama mmoja wa sauti ya chini, aliwaonyesha kwenye picha mahali ambapo pingili za shingo zilikuwa zinabana mshipa wa fahamu. Akasema mtu huyu akitua vibaya tena anaweza kupoteza mkono, na pengine zaidi ya mkono. Gogo alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru, wakatoka.

“Baada ya Olimpiki,” alisema walipofika kwenye ujia.

“Umemsikia daktari lakini?”

“Nimemsikia, Kocha. Ana sauti nzuri.”

Kocha hakucheka. Chama hakikuambiwa. Mke naye hakuambiwa.

Kwenye shindano la kwanza Gogo alikwenda vizuri mpaka pambano la kuingia fainali. Hapo akakutana na kijana mmoja mwenye kifua kama mlango. Walisukumana dakika zote, hakuna aliyemwangusha mwenzake, na katikati ya purukushani kijana akamkanyaga kwa kisigino, ukucha wa kidole gumba cha mguu ukanyanyuka wote. Muda ulipokwisha kijana alikuwa mbele kwa pointi moja. Refa akainua mkono wa kijana. Gogo akampongeza, akavuka zulia kwenda kumpa mkono kocha wa upande wa pili, kama ilivyo desturi, kisha akageuka arudi kwao. Alipofika katikati ya zulia, kidole kikakataa. Gogo akakaa chini palepale, akafungua kamba za kiatu, akakivua.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wanamieleka wana namna moja ya kustaafu, dunia nzima. Hawaandiki barua, hawatoi hotuba. Mtu akishamaliza pambano lake la mwisho, hukaa katikati ya zulia, akavua viatu, akaviacha pale, akaondoka miguu mitupu. Anayekaa pale na kugusa kamba za viatu, kila mtu ukumbini anajua kinachoendelea. Gogo alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi, na mara mbili lilimliza. Lakini dakika ile hakuwa na mila wala desturi kichwani. Alikuwa na kidole.

Alikuwa anakibonyeza kupitia soksi aliposikia makofi. Yalianza ya mtu mmoja, taratibu, kama mtu anayekung'uta unga mikononi. Yakawa ya safu moja. Kisha viti vyote vikagonga kwa pamoja, watu wamesimama. Gogo akainua uso aone ni nani ameshinda nini. Akakuta ukumbi mzima unamtazama yeye.

Yule kijana aliyemshinda akarudi mbio, akapiga magoti, akamkumbatia, analia. Mtangazaji akasema maneno mengi kwa lugha ambayo Gogo hakuijua, ndani yake likasikika neno Gogo. Hapo akaelewa.

Angeweza kuvaa kiatu chake akaondoka akichechemea. Mtu mwenye akili ya kawaida angefanya hivyo. Lakini watu walikuwa wamesimama. Wale waliompigia miluzi asubuhi ile walikuwa wamesimama, refa alikuwa anapiga makofi, na mzee mmoja kwenye safu ya mbele alikuwa anafuta macho kwa kofia. Gogo alifurahi, lazima lisemwe wazi. Na akaona haya kuwaambia watu wote wale wakae chini. Kiatu cha pili hakikuwa na kosa lolote. Akakivua nacho.

Akaviweka pamoja, akavinyoosha vizuri, akaondoka na soksi tu. Soksi iliacha alama ndogo ya damu kila alipokanyaga, na waandishi wa habari waliiandika damu hiyo kwa hisia kubwa. Ujiani Kocha alimkumbatia, akakaa naye hivyo muda mrefu.

“Kocha, mimi...”

“Najua,” alisema Kocha. “Twende.”

Hotelini, mguu ukiwa kwenye beseni, furaha ikamwisha. Alijiona mjinga, na alikuwa na haki ya kujiona hivyo. Hakuna sheria inayomzuia mtu kurudi. Wapo waliorudi. Lakini walichekwa, kama mtu aliyewaaga watu harusini kwa machozi kisha akaonekana kwenye foleni ya chakula. Akajiambia akifika nyumbani atamweleza mkewe, watacheka, yaishe, ajiandae na shindano la pili.

Hakukuta mtu wa kumweleza. Alikuta mwanamke aliyechanua. Mkewe alikuwa ameona kila kitu kwenye simu, yeye na watoto wamebanana mbele yake. Sebuleni mizani haikuwepo.

“Nimempa yule mama anayeuza vitunguu sokoni,” alisema mkewe. “Kaa ule.”

Akamjazia sahani mpaka ukingoni. Watoto waliacha kula wao ili wamwone baba yao akila. Gogo alikula, akamaliza, akaongezwa.

“Unajua kilichonifurahisha?” alisema mkewe baadaye, akikusanya vyombo. “Si kustaafu. Wote wanastaafu. Ni kwamba hukuambiwa na mtu. Ulikaa mwenyewe, ukavua mwenyewe. Nikasema, huyu leo ametuchagua sisi.”

Gogo akainuka, akamsaidia kubeba vyombo.

Siku zikaenda. Majirani wakaja kumpongeza. Mwenye tanuri akamwokea keki yenye viatu viwili vya sukari juu yake, wafanyakazi wakaimba, na kila pongezi ilimkaza kamba shingoni. Kidole kikapona. Shindano la pili likawa linakaribia. Kila alipopiga moyo konde aseme, alimkuta mkewe anaimba kwenye cherehani, na uso wake umekuwa wa miaka kumi nyuma. Mwishowe akaamua aanze na Kocha. Akanunua viatu vipya, akavitia kwenye mfuko, akaenda ukumbini mapema kabla watu hawajafika.

Kocha alikuwa anapiga deki zulia kwa dawa, kazi ambayo hakumwachia mtu mwingine, maana aliamini wenzake wote wanaruka kona.

“Shikamoo, Kocha.”

“Marahaba, mstaafu! Karibu.”

“Sikustaafu.”

Kocha akaendelea kupiga deki.

“Kidole kilikuwa kinauma,” alisema Gogo. “Nilikaa nikitazame. Sikuwa na habari nyingine. Wale watu walielewa vibaya, na mimi nikaona haya. Nataka kwenda kwenye hili la pili.”

“Najua.”

“Unajua nini?”

“Kwamba ulikuwa unatazama kidole. Ukucha ulipotoka mimi niliuona kabla yako. Nilikuwa kwenye kona, Gogo. Kazi yangu ni kukutazama.”

“Kama ulijua mbona hukusema kitu? Ukumbi mzima umesimama, wewe unajua, umenyamaza!”

Kocha akaegemeza fagio la deki ukutani. Akajifuta mikono kwenye suruali, polepole, kama anayetafuta kazi nyingine ya kuifanyia mikono hiyo.

“Walisimama kwa sababu nilisimama mimi,” alisema. “Makofi ya kwanza yalikuwa yangu.”

Gogo hakuelewa mara moja. Alipoelewa, hasira ilimpanda hadi mfuko ukamtoka mkononi. Katika miaka yote ile hakuwahi kumkasirikia mtu huyu, hata siku aliponyimwa maji ili kilo zishuke. Sasa alitamani kumnyanyua ambwage.

“Umeniibia.”

“Nimekuibia. Sikatai.”

“Ungenikataza! Ungesema tu, Gogo, hapana!”

“Tulipotoka kwa daktari nilikuuliza, ukanijibu kwa mzaha. Ningekukataza ungekwenda kwa kocha mwingine, na mwingine huyo hajui habari ya shingo yako. Miaka yote hii sijaona mtu wa kukusukuma ukasogea. Nikaona umekaa pale, umeshika kiatu, nikasema labda ukishangiliwa utasogea.” Kocha akakohoa. “Na ukasogea.”

Zulia lilikuwa linakauka, harufu ya dawa imejaa. Kocha alikuwa amezeeka. Gogo hakuwahi kuliangalia jambo hilo.

“Chama hakijaweka mtu mwingine,” alisema Kocha mwishowe. “Nafasi ni yako. Ukitaka kwenda tutakwenda, na nitakaa kwenye kona yako kama siku zote. Sitakuibia mara ya pili, sina nguvu hizo. Ila mkeo umwambie kwanza habari ya shingo. Usipomwambia wewe, simwambii mimi. Lakini sipandi ndege.”

Gogo akaokota mfuko wake akaondoka bila kuaga.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, sketi za shule zimerundikana pembeni mwake. Alimwona usoni kwamba kuna jambo, akaacha kukanyaga.

“Unanuka dawa ya ukumbini. Kocha alikuwa anataka nini?”

“Mimi ndiye niliyemfuata. Kuna shindano la pili. Nafasi ipo.”

“Si umestaafu?”

Ndipo akamweleza. Akamwambia habari ya ukucha, ya kidole, ya makofi, na jinsi alivyokivua kiatu cha pili kwa haya. Haikuwa hadithi ndefu. Mtu mwingine angevunjika mbavu. Mkewe alisikiliza akiwa ameshika mshono ambao haukuwa na tatizo lolote, anaukagua.

“Kwa hiyo hukutuchagua.”

“Nilikuwa naangalia kidole, mama.”

Aliumia. Hakulia, ila aliumia, na Gogo aliona. Alisubiri kelele, na kelele zingemsaidia. Mkewe akaikunja sketi, akaiweka juu ya nyingine.

“Na sasa unataka kwenda?”

“Nataka. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyotaka hiki.”

“Basi nenda,” alisema mkewe. “Sitakuwa mimi niliyekuzuia. Usipokwenda utanitazama miaka yote kwa jicho hilo hilo ulilonalo sasa, na mimi sitaliweza. Nenda, umalize.”

Ruhusa ndiyo hiyo, ameipata bila kuvutana. Kilichobaki kilikuwa kunyamaza. Kocha angeuliza, umemwambia? Angejibu, nimemwambia, na Kocha angeamini kwa sababu alitaka kuamini. Gogo alisimama katikati ya chumba na mfuko wa viatu, na kwa mara ya kwanza maishani hakukuwa na mtu yeyote anayemsukuma.

“Kuna jambo jingine,” alisema.

Akavuta kiti, akakaa mbele yake, akaweka mkono wa kulia juu ya meza ya cherehani. Akamwambia ya trei, ya daktari, ya picha, ya pingili za shingo. Akamwambia alivyosema daktari, bila kupunguza neno. Mkewe akawa anautazama ule mkono kana kwamba umeletwa na mgeni.

“Tangu lini?”

“Tangu mwanzo wa mwaka.”

“Ni ganzi tu, au hauhisi kabisa?”

“Ganzi,” alisema Gogo. “Kuhisi nahisi. Si kama zamani, lakini nahisi.”

“Fumba macho. Nitakugusa, uniambie ni kidole gani.”

Akafumba. Mkewe akachomoa pini kwenye kitambaa cha pini, akaigusisha ncha yake kwenye kidole kidogo. Akaikandamiza. Akahamia kidole cha pili yake, akaikandamiza zaidi, mpaka tone la damu likatoka, likasimama juu ya ngozi.

“Anza basi,” alisema Gogo. “Nimeshafumba.”